Tumbo linapomsumbua mwenye kisukari: hatua za kufuata

Mtu amepima sukari, amechoma insulini kipimo kilekile cha kila siku, amekula. Saa moja haijaisha anatetemeka, jasho linamtoka, sukari imeshuka. Anakunywa kitu kitamu, anapata nafuu. Usiku wa manane anapima tena na kukuta imepanda kupita kiasi. Akifika kliniki na daftari lake, swali la kwanza ni kama amekula ovyo. Hakula ovyo. Chakula cha saa moja jioni kilikuwa bado kimekaa tumboni saa nne usiku, na insulini ilikwisha kufanya kazi yake bila kukikuta.

Naanza na mtu huyu kwa sababu shida yake huchelewa sana kutambuliwa. Kisukari kinajulikana kwa macho, figo na miguu. Tumbo halitajwi, na wagonjwa wenyewe huona haya kulitaja, hasa mambo ya choo. Lakini tumbo ndilo linaloamua glukosi ya chakula iingie kwenye damu saa ngapi na kwa kasi gani. Ukitibu sukari bila kuliuliza tumbo, au tumbo bila kutazama sukari, utahangaika. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na chochote kinachohusu kubadili dozi kifanye pamoja na daktari wako.

Hatua ya 1: Zijue dalili zisizongoja

Kabla ya kufikiria chakula wala dawa, jifunze kutenganisha tatizo la kusubiri kliniki na lile la kukimbilia hospitali leo hii.

Kubwa kuliko yote ni kutapika pamoja na maumivu ya tumbo. Kwa mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, usiwe mwepesi wa kusema ni chakula kibaya. Insulini ikipungua, mwili huchoma mafuta na kumwaga ketoni kwenye damu. Ketoni zikizidi, damu inakuwa na asidi. Dalili zake hufanana kabisa na ugonjwa wa tumbo. Zikiongezeka juu yake kiu kali, kukojoa sana, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, nenda hospitali. Ukiwa na kipimo cha ketoni za damu, 1.5 mmol/L ni onyo, na 3.0 kwenda juu ni dharura. Na usidanganywe na kipimo cha sukari: anayemeza vidonge vya kundi la gliflozini (empagliflozini, dapagliflozini, kanagliflozini) anaweza kuingia katika hali hii sukari yake ikiwa chini ya 14 mmol/L, yaani 250 mg/dL. Wapo wanaorudishwa nyumbani kwa sababu sukari "si mbaya sana". Sema waziwazi dawa unazomeza, na uombe ketoni zipimwe.

La pili ni maumivu au kubanwa kwenye chembe cha moyo pamoja na jasho baridi, kukosa pumzi au uchovu wa ghafla. Kisukari cha muda mrefu hupunguza hisia za mishipa ya fahamu ya moyo, na shambulio la moyo linaweza kuja likijifanya kiungulia au kichefuchefu tu. Usinywe dawa ya asidi ukasubiri.

Mengine ni haya: kutapika damu au kitu kama mashapo ya kahawa, choo cheusi kama lami, tumbo kuvimba na kukaza huku hutoi choo wala hewa, maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni, na kutapika kiasi kwamba hata maji hayakai.

Kuna dalili ambazo si za kukimbia usiku, ila hazifai kulala nazo miezi: kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, macho kuwa manjano, upungufu wa damu, au choo kubadilika tabia ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 45. Aliyegunduliwa kisukari baada ya miaka 50 na wakati huohuo anakonda aombe kongosho lichunguzwe.

Hatua ya 2: Andika daftari la siku 14

Daktari anakuona kwa dakika chache. Daftari ndilo linalomwonyesha siku zako zilizobaki. Kila siku andika:

- saa uliyoanza kula, ulichokula na kiasi chake;
- saa uliyochoma insulini au kumeza dawa, na dozi;
- sukari kabla ya kula, saa mbili baada ya kula, kabla ya kulala, na ukiamka usiku;
- tumbo lilifanya nini: kujaa mapema, kichefuchefu, kutapika (na ulichotapika ulikila saa ngapi), gesi, maumivu;
- choo: mara ngapi, kigumu au majimaji, mchana au usiku, na kama kilikutoka bila wewe kujua;
- kila kitu kingine unachotumia, pamoja na dawa za maumivu, mitishamba, na pipi au vinywaji vilivyoandikwa "bila sukari".

Usiandike ili uonekane mgonjwa mzuri. Siku uliyokula keki, andika keki.

Zikitimia siku 14, lisome mwenyewe kwanza. Sukari kushuka ndani ya saa moja au mbili baada ya kula, kisha kupanda saa nyingi baadaye, kunaelekeza kwenye tumbo linalochelewa kumwaga chakula. Kuharisha kulikoanza wiki ulipoongezewa dozi kunaelekeza kwenye dawa. Kuharisha kunakokuamsha usingizini, bila maumivu, kunaelekeza kwenye mishipa ya fahamu ya utumbo au magonjwa nitakayoyataja huko mbele. Wiki za kuharisha zikifuatwa na wiki za choo kigumu, hilo nalo lina maana yake, hata kama kwako linaonekana kama vurugu tupu.

Hatua ya 3: Kagua dawa kabla ya kulaumu mwili

Hapa ndipo nafuu ya haraka hupatikana, na ndiyo maana naiweka mapema.

Metformini, kidonge cha kushusha sukari, inaongoza. Kati ya watu 10 wanaoitumia, wawili hadi watatu hupata kichefuchefu, gesi, tumbo kuuma au kuharisha. Wengi huiacha kimyakimya, sukari inapanda, na kliniki hawasemi. Usiiache, kuna njia. Imeze katikati ya mlo au mara baada ya mlo. Kama ulianza na dozi kubwa, muombe daktari mrudi nyuma: miligramu 500 mara moja kwa siku, kisha kuongeza taratibu kila wiki. Bado inasumbua? Ulizia ile inayoyeyuka polepole, ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi. Vidonge hivyo humezwa vizima, havitafunwi wala kusagwa, na ukiona ganda lake kwenye choo usishtuke, dawa imekwisha kutoka. Usiseme pia "nimeitumia miaka mitano, haiwezi kuwa yenyewe". Kuharisha kwa sababu ya metformini kunaweza kujitokeza baada ya miaka ya utulivu. Na kama unaitumia kwa miaka mingi, omba kupimwa vitamini B12, kwa kuwa metformini hupunguza ufyonzwaji wake, na upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu kwa namna inayofanana na kisukari chenyewe.

Dawa za sindano kama semaglutidi, liraglutidi na dulaglutidi hufanya kazi kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa kulichelewesha tumbo kumwaga chakula. Kwa hiyo kichefuchefu na kushiba upesi mwanzoni, na kila dozi inapopandishwa, ni jambo linalotarajiwa. Kula kidogo, kula polepole, acha mara unapohisi kushiba. Kama tumbo lako lilikuwa zito tangu zamani, mwambie daktari kabla hujaanza. Mtu anaweza kuonekana ana tumbo lililopooza kumbe ni sindano yake ya kila wiki.

Akabozi, kidonge kingine cha kisukari, huacha wanga ukachachuke kwenye utumbo mpana, hivyo gesi. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama kodeini, tramadoli na mofini, hulaza utumbo wote kuanzia juu hadi chini. Vidonge vya madini ya chuma na verapamili ya shinikizo la damu hufunga choo. Ipo pia amitriptilini, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya miguu inayowaka moto. Inasaidia miguu na kufunga choo kwa wakati mmoja. Sisemi uikatae. Nasema daktari anayetibu miguu yako ajue kwamba hujaenda haja kwa siku nne.

Mwisho kabisa, sorbitoli, maltitoli na zailitoli, zile za kutia utamu kwenye pipi na biskuti za "wenye kisukari". Hazifyonzwi vizuri, huvuta maji utumboni na huharishisha. Ziache kwa wiki moja uone.

Hatua ya 4: Tumbo linalochelewa kumwaga chakula

Kitaalamu linaitwa gastroparesisi. Daktari Paul Kassander ndiye aliyelipa jina la gastroparesisi ya wenye kisukari mwaka 1958, akionyesha kwamba chakula kinaweza kubaki tumboni hata kwa mtu asiyelalamika lolote. Hilo la mwisho lishike: kuna ambao dalili yao pekee ni sukari isiyotabirika.

Kinachotokea ni hiki. Tumbo halisagi chakula lenyewe tu. Linaamriwa na mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo. Ndani ya ukuta wa tumbo kuna seli za Cajal, zilizopewa jina la mwanasayansi wa Uhispania Santiago Ramón y Cajal, ambazo hupiga mdundo wa mawimbi takriban matatu kwa dakika. Sukari ikikaa juu kwa miaka, vagasi huumia na seli hizo hupungua. Mdundo unavurugika, mlango wa kutokea haufunguki kwa wakati. Chakula kinakaa.

Dalili zake: kushiba baada ya vijiko vichache, kujisikia umejaa saa nyingi baada ya kula, kichefuchefu, kutapika chakula cha saa nyingi zilizopita kikiwa bado kinatambulika, tumbo la juu kuvimba na kuuma.

*Vipimo.* Kwanza daktari huingiza kamera tumboni (endoskopia) kuhakikisha hakuna kidonda wala kizuizi. Kipimo chenyewe cha mwendo ni kula mlo mwepesi, mara nyingi mayai, uliotiwa kiasi kidogo cha kemikali yenye mnururisho, kisha kupigwa picha kwa saa nne. Kikibaki zaidi ya asilimia 10 ya mlo baada ya saa nne, tumbo limechelewa. Mahali ambapo mashine hiyo haipo, kuna kipimo cha pumzi. Mambo mawili huharibu majibu na mara nyingi mgonjwa haambiwi: sukari kuwa juu siku hiyo, kwa sababu sukari iliyo juu peke yake hulipunguzia tumbo kasi, na dawa zinazolilaza au kulisukuma tumbo, ambazo kwa kawaida husimamishwa siku mbili au tatu kabla. Uliza yote mawili unapopangiwa tarehe.

*Chakula.* Hapa inabidi usahau ushauri mmoja uliouzoea. Mwenye kisukari huhimizwa kula nyuzinyuzi kwa wingi, na ni sahihi, mpaka tumbo linapoacha kusaga. Kwa tumbo lililolegea, maganda ya matunda, mboga mbichi na nyuzi za machungwa hukusanyika na kuweza kugandamana kuwa bonge. Kwa hiyo:

Kula mara nne hadi sita kwa siku, kiasi kidogo kila mara. Punguza mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo breki kubwa ya tumbo. Yakiwa ndani ya kimiminika huvumilika zaidi kuliko kwenye chakula kigumu. Pika mboga mpaka ilainike, menya matunda, saga nyama. Kipimo rahisi ni uma: kisichopondeka kwa uma kisagwe au kiachwe. Tafuna mpaka kiwe kama uji. Siku ambazo tumbo limegoma, hamia kwenye supu, uji mwepesi na vyakula vilivyosagwa, maana vimiminika hutoka tumboni hata pale vigumu vinapokataa. Wengi huona asubuhi tumbo linakubali na jioni linakataa; kama ndivyo ulivyo, mlo wa kutafuna uwe asubuhi na wa kunywa uwe jioni. Baada ya kula usijilaze kwa saa moja au mbili. Tembea kidogo. Pombe na sigara vyote viwili huongeza tatizo.

*Insulini.* Hii ndiyo sehemu ya kukaa na daktari na daftari lako mezani. Insulini ya haraka huchomwa kabla ya kula kwa kudhani chakula kitafika utumbo mwembamba baada ya dakika chache. Kwako dhana hiyo si ya kweli. Wengine huhamishiwa kuchoma baada ya kula, wengine hugawa dozi mara mbili, wengine hubadilishiwa aina ya insulini, na wenye pampu huitawanya dozi kwa saa kadhaa. Chombo kinachopima sukari mfululizo chini ya ngozi kinasaidia mno hapa, kwani kinaonyesha ni saa ngapi hasa chakula kinaingia kwenye damu. Usijaribu mabadiliko haya peke yako: ukichelewesha insulini siku ambayo tumbo limeamua kufanya kazi, sukari itapaa.

*Sukari ikishuka.* Chini ya 4 mmol/L (70 mg/dL), chukua gramu 15 za glukosi na upime tena baada ya dakika 15. Kwa tumbo linalochelewa, glukosi iwe ya kunywa au jeli. Mkate au biskuti zitakaa tumboni wewe ukizimia. Kama sukari haijapanda, rudia. Anayetumia akabozi lazima awe na glukosi yenyewe, kwa sababu dawa hiyo huzuia sukari ya kawaida ya mezani isivunjwe haraka. Uliza kuhusu glukagoni ya dharura, yaani homoni ya kupandisha sukari, na umfundishe unayeishi naye namna ya kuitumia. Mtu akipoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni.

*Dawa za kulisukuma tumbo.* Metoklopramidi inasaidia kichefuchefu na mwendo, lakini ina bei yake: ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mchezo wa uso, ulimi na viungo usiozuilika, ambao wakati mwingine hauponi hata ukiiacha. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali na kushauri isizidi wiki 12. Ulaya iliibana zaidi mwaka 2013, hadi siku tano. Ukianza kuona midomo au ulimi unacheza, acha na uende hospitali siku hiyohiyo. Domperidoni haiingii sana kwenye ubongo, ila inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo kipimo cha umeme wa moyo kifanyike kwanza. Erithromisini, antibiotiki ya zamani, hulisukuma tumbo kwa nguvu, kisha baada ya wiki chache tumbo huizoea. Kwa waliokwama kabisa kuna kukata msuli wa mlango wa tumbo kwa kamera, kupandikiza kifaa cha umeme, au kulishwa kwa mrija unaofika utumboni.

Hatua ya 5: Kuharisha kusikokwisha

"Ni kisukari tu" lisiwe jibu la kwanza. Liwe jibu la mwisho, baada ya mengine kuondolewa.

Ukishakagua dawa na vitamu bandia, omba kupimwa choo kwa maambukizi na tezi ya thairoidi. Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, kuna ugonjwa wa siliaki, yaani mwili kushambulia utumbo unapokutana na gluteni ya ngano, shayiri na rai. Huwapata takriban watu 5 katika kila 100 wenye aina hiyo, kiwango kikubwa kuliko cha watu wengine. Kipimo chake cha kwanza ni cha damu, na sharti lake ni uwe bado unakula ngano. Ukiacha mwenyewe kabla ya kupimwa, majibu yatakuja safi wakati ugonjwa upo.

Kisha kongosho. Tunalikumbuka kwa insulini tu, tukisahau kwamba ndilo linalotengeneza vimeng'enya vya kuvunja mafuta. Choo kikiwa na mafuta, kinaelea, kinanuka kupita kawaida na hakiondoki kwa maji ya mara moja, omba kipimo cha elastasi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye choo. Ikithibitika, tiba ni vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula. Kumbuka kwamba chakula kikianza kufyonzwa vizuri sukari nayo itapanda, hivyo dozi za kisukari ziangaliwe upya.

Utumbo mwembamba uliopungua mwendo pia huruhusu bakteria kuzaliana mahali pasipo pao. Gesi nyingi, tumbo kuunguruma, kuharisha. Kozi ya antibiotiki huwasaidia wengi, ingawa tatizo hurudi.

Yote hayo yakishaondolewa ndipo inapobaki kuharisha kunakotokana na mishipa ya fahamu yenyewe: majimaji, mara nyingi usiku, bila maumivu. Loperamidi hupunguza mwendo, lakini usiitumie ukiwa na homa au damu kwenye choo. Kwa wanaotokwa na choo bila kujua, na hawa ndio wanaoficha kuliko wote, tatizo mara nyingi ni msuli wa ndani wa njia ya haja uliopoteza nguvu na hisia. Kuna mazoezi ya misuli ya nyonga yanayofundishwa na wataalamu wa tiba ya viungo, na kukiimarisha choo peke yake huleta tofauti kubwa. Mwambie daktari kwa maneno mafupi: "Choo kinanitoka bila kujua." Amekwisha kulisikia kwa wengine.

Hatua ya 6: Choo kigumu

Hili ni miongoni mwa malalamiko ya tumbo ya kawaida kabisa kwa wenye kisukari. Sukari iliyo juu hutoa maji mwilini kwa mkojo, na utumbo mpana hufidia kwa kukikausha choo. Kwa hiyo kushusha sukari na kunywa maji ni tiba, si nasaha za kupitisha muda.

Kama tumbo lako la juu liko sawa, ongeza nyuzinyuzi kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Ukiziongeza kwa siku moja utapata gesi na utakata tamaa. Kama una gastroparesisi, ruka hatua hiyo. Nenda chooni dakika chache baada ya kifungua kinywa, hata bila haja, kwa sababu kula huamsha utumbo mpana. Ukikalia choo cha kukaa, weka kibao chini ya miguu magoti yapande juu ya nyonga. Usikamue.

Isipotosha, makrogoli ya unga hulainisha kwa kushika maji na haiongezi sukari. Laktulosi watu huiogopa kwa utamu wake, lakini sukari yake karibu yote haifyonzwi. Sena au bisakodili hutumika pale hizo zinaposhindwa. Jambo moja linalodanganya: anayevujisha majimaji kidogokidogo baada ya siku nyingi bila choo anaweza kuwa ameziba kwa choo kikavu, na kumpa dawa ya kuzuia kuharisha ni kumzidishia. Daktari akimgusa tumbo na njia ya haja atajua.

Hatua ya 7: Vinywa, koo na ini, kwa kifupi

Utando mweupe mdomoni na maumivu wakati wa kumeza ni fangasi wanaoshamiri sukari ikiwa juu, wanatibika. Kiungulia cha mara kwa mara huja zaidi kwa mwenye uzito mkubwa au tumbo linalochelewa. Ini lenye mafuta halina dalili kwa miaka mingi, kwa hiyo wenye aina ya pili waulize vipimo vya ini na hatari ya kovu wakati wa uchunguzi wa kila mwaka. Kupunguza uzito ndiyo tiba yenye ushahidi imara kuliko nyingine za nyumbani.

Hatua ya 8: Weka tayari mpango wa siku ya kuumwa

Uandike ukiwa mzima, ubandike jikoni. Ukianza kutapika au kuharisha sana, kichwa hakitakuwa na utulivu wa kukumbuka.

Insulini ya msingi, ile inayofanya kazi polepole kwa muda mrefu, haiachwi hata kama huli. Dozi inaweza kubadilika, lakini kuiacha kabisa ndiko kunakoleta ketoni. Pima sukari kila baada ya saa mbili hadi nne. Metformini, gliflozini, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kukojoza kwa kawaida husimamishwa mwili unapopoteza maji, na daktari ndiye anayekuandikia zipi kwako na lini zirudishwe. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zisiguswe siku hizo, zitaumiza figo. Kwa wanaomeza glibenklamidi au gliklazidi, kutokula ni hatari ya sukari kushuka. Piga simu uulize.

Kunywa kijiko au funda dogo kila dakika chache badala ya bilauri nzima. Na usiogope ORS, ule unga wa chumvi na glukosi wa kuchanganya na maji. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani una gramu 13.5 za glukosi katika lita nzima, na glukosi hiyo ndiyo inayovusha chumvi na maji kwenye ukuta wa utumbo. Kunywa, ukiendelea kupima.

Hatua ya 9: Sukari yenyewe, na watu wa kuwaambia

Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kati ya mwaka 1983 na 1993, kwa watu 1,441 wenye aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu kulipunguza uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa takriban asilimia 60. Mishipa iliyokufa haifufuki kirahisi. Lakini sehemu ya uchelewaji wa tumbo hutokana na sukari iliyo juu leo hii, na hiyo hurudi nyuma sukari ikishuka. Ndiyo maana wapo wanaosema tumbo lao limekuwa jepesi kabla daktari hajabadilisha kitu kingine chochote.

Muda mzuri wa kuzungumza na daktari ni mwanzo wa miadi, si unaposhika kitasa cha mlango. Fungua daftari kwenye siku mbaya kuliko zote, mwonyeshe sukari na tumbo vikiwa mstari mmoja. Mtaalamu wa lishe naye alione, kwa sababu anayekupangia mlo wa kisukari bila kujua kwamba tumbo limelegea atakujazia mboga mbichi.

Na kama umepangiwa upasuaji au uchunguzi wowote wa kulazwa usingizi, hata wa jino, mwambie mtoa usingizi mapema kwamba una tumbo linalochelewa, au kwamba unachoma dawa ya sindano ya kila wiki inayolichelewesha. Kufunga kula kwa saa za kawaida huenda kusilitoe tumbo lako chakula chote, na chakula kikipanda umelala kinaweza kuingia kwenye mapafu. Gliflozini nazo husimamishwa siku tatu kabla, au nne kwa ertugliflozini. Andika majina ya dawa zote kwenye karatasi, na umkabidhi mkononi.